Upande wa Mwihaki

Kenyatta Market kichwa kimoja hakisukwi na mtu mmoja. Kastoma anakalishwa kwa kiti cha plastiki, anazungukwa na wasusi wanne kama mtu amekamatwa na shangazi zake wote kwa mpigo, na kila msusi ana upande wake. Masaa matatu umetoka na rasta mpaka kiunoni. Sheria ni moja tu: wanne wafike mwisho pamoja. Ukichelewa, wenzako watatu wanakaa kukuangalia. Na usiombe kuangaliwa na wasusi watatu wasio na kazi ya mikono, kwa sababu ya mdomo haiishangi.

Mwihaki hakuwahi kungojwa. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye alikuwa anamaliza wa kwanza, anafungua njugu zake, anaangalia wengine wakihangaika. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mfupi, mtu wa Uthiru, bado anaishi na mamake, na alikuwa na vidole ambavyo hata wasusi wa vibanda vingine walikuwa wanavijua. Kuna kastoma wa Kileleshwa walikuwa wanapiga simu kwanza kuuliza, "Mwihaki yuko?" na wakiambiwa hayuko wanarudi kulala. Alikuwa anasuka macho yakiwa kwa tivi ya kibanda, anafuata sinema mwanzo hadi mwisho, na rasta zinatoka sawa kama zimepimwa na rula.

Kibanda kilikuwa cha Rael, mama mkubwa wa miwani, asiye na utani. Utani alikuwa amemwachia Mercyline, aliyekaa kando ya Mwihaki miaka hiyo yote na ambaye, ukiuliza mtu yeyote, aliumbwa mdomo kwanza halafu mwili ukaongezwa baadaye.

Shida ilianza na jicho, miaka miwili iliyopita. Kastoma mmoja aliomba rasta rangi ya divai. Mwihaki akaingia kwa kabati, akatoka na nyeusi ti.

"Mwihaki," Mercyline akasema, "huyu dada ameomba ya sherehe, wewe umemletea ya matanga?"

Wakacheka wote. Mwihaki pia akacheka, akarudi kwa kabati, akafunga jicho la kulia. Hapo ndipo cheko likamwisha. Kwa jicho la kushoto, nyekundu zote zilikuwa zimekufa. Ile ya divai ilikuwa kama chai ya juzi. Na akizungusha jicho, kulikuwa na maumivu nyuma yake, kama mtu anavuta kamba ndani. Kufika Jumapili, hilo jicho lilikuwa linaona ukungu tu.

Alipelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Navneet, dada mdogo wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Nairobi na anayeongea kama mtu aliyezoea kubishana na makanga wa matatu. Kliniki yake ilikuwa town, ghorofa ya tano, na lifti ilikuwa na mazoea ya kufika ya tatu ikatosheka. Navneet akamtuma apigwe picha ya kichwa kwa ile mashine inayogonga kama fundi wa mabati. Picha ikarudi na madoa meupe, matano.

"Hii inaitwa multiple sclerosis," Navneet akamwambia. "MS. Jicho litarudi, karibu lote. Lakini hii kitu ikienda huwa inarudi, na ikirudi haichagui mahali. Dawa ya kuizuia tunaanza ukiwa mzima, si ukiwa umeumia. Tunaelewana?"

Mwihaki akasema ndio. Ukweli ni kwamba alishika "jicho litarudi", na mengine hakutaka kuyasikia.

Na jicho likarudi kweli. Wiki sita, nyekundu ikawa nyekundu tena. Jumapili iliyofuata mamake, Njambi, ambaye ni asha, mpanga watu viti kwa kanisa lao huko Uthiru, akamshika kiwiko wakati wa shuhuda, akamsukuma mbele.

Hapo ndipo Mwihaki alifanya lile kosa. Na si kosa la mtu mbaya. Ungekuwa wewe, kipaza sauti mkononi, watu mia nne wamesimama, mpiga kinanda anakufuata chini chini, hata wewe ungeongeza chumvi. Alisema alikuwa kipofu wa jicho moja na sasa anaona. Hiyo ilikuwa kweli. Halafu akasema, "Daktari aliniambia hii kitu itarudi. Nikamuuliza, irudi kwa ruhusa ya nani?"

Kanisa likalipuka. Kijana wa kamera alikuwa amerekodi. Kufikia Jumatano klipu ilikuwa imezunguka nchi nzima, na kwa komenti watu walikuwa wanaandika amina, amina, mwingine anaandika, "amina, lakini hizo rasta zake zimesukwa wapi?" Kenyatta Market wakaanza kumwita Dada Jicho. Kuna kastoma walikuja wakitaka yeye tu awashike kichwa.

Hiyo ni poa, mpaka siku unahitaji kurudi hospitali. Ushuhuda si kiatu, ati urudishe Jumatatu ukisema kinabana. Navneet alipiga simu mara mbili. Mwihaki akaiangalia ikilia, akaigeuza kifudifudi.

Februari mwaka huu, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikalala. Kile cha kando yake kikafuata. Si kuuma, kulala tu, kama amevaa glavu ambayo hakumbuki kuivaa. Akiinamisha shingo, na kazi ya msusi ni kuinamisha shingo, stima, kama ya waya wazi, ilikuwa inamshuka kwa mgongo mpaka kwa nyayo, mara moja, halafu inazima.

Akajiambia ni kazi. Na nani angembishia? Rael alikuwa na mgongo, Mercyline alikuwa na bega, kila msusi hapo ana kiungo chake cha kulalamikia. Akapaka dawa ya kuchua. Akaloweka mkono kwa maji moto.

Maji moto ndiyo yalimwambia ukweli. Rasta zikiisha, ncha huwa zinatumbukizwa kwa jagi la maji yanayochemka ndio zisifumuke. Kila Mwihaki akiinamia jagi na ule mvuke ukimpiga uso, jicho la kushoto lilikuwa linafifia, na vidole viwili vinakuwa vitatu, vinne. Akitoka nje akapigwa na upepo, vinarudi. Ilikuwa mara ya tatu au ya nne, amesimama nje ya kibanda akifungua na kufunga ngumi, alipojua. Tusidanganyane, alijua. Lakini angesema nini, na kwa nani, wakati hata muuza chai alikuwa ameiona ile klipu?

Akapata njia ya katikati. Kulikuwa na Zachariah, jamaa wa suti ya kahawia anayezunguka soko na begi la unga wa majani.

"Hii si dawa, siste," Zachariah akamwambia. "Mimi siuzi dawa. Hii ni chakula. Inaongeza kinga ya mwili. Ugonjwa wote ni kinga ikiwa chini."

Si dawa. Mwihaki alilishika hilo neno kwa mikono yote miwili, pamoja na ule uliolala. Kama si dawa, basi hajarudi nyuma, na ushuhuda umesimama. Akakunywa ule unga kijani kwa uji, asubuhi na jioni, miezi minne, akingoja kinga yake ipande.

Ikawa sasa anasuka akiangalia vidole. Sinema zikampita. Mkono wa kushoto ndio unashika nywele zikae zimebana wakati wa kulia unasokota, na wa kushoto ulikuwa unaachilia bila kumuuliza. Akaanza kuomba upande wa nyuma, kule kastoma hajioni kwa kioo.

Mercyline aliona wiki ya kwanza. Hakusema kitu, na kwa Mercyline kutosema kitu ni kama mtu mwingine kupiga nduru. Alikuwa anamaliza upande wake mbio, halafu mkono wake unateleza mpaka upande wa Mwihaki, anafumua rasta tatu nne, anazisuka upya, mdomo ukiendelea na stori za majirani kama kawaida.

"Rudi kwako," Mwihaki akamnong'onezea siku moja.

"Niko kwangu. Mkono ni mrefu tu."

"Mercyline."

"Nyamaza usuke, Dada Jicho. Kastoma ana masikio."

Hivyo hivyo mpaka Septemba. Kuna kastoma anaitwa Jackie, manzi wa Kileleshwa, alisukwa Jumamosi. Siku hiyo Mercyline alikuwa ameenda mazishi ya mjomba, hakuna mkono mrefu. Jumanne Jackie akaweka klipu. Amekaa kwa kochi lake, anashika rasta moja ya kushoto nyuma, anavuta kidogo, inatoka yote. Anashika nyingine, inatoka. Anazipanga kwa meza moja moja, uso mkavu, haongei.

Komenti zilikuwa tamu, lazima tuseme ukweli. "Hiyo upande ilisukwa na AI." "Msusi aliambiwa ashike nywele, akashika simu." "Dada, hizo si rasta, hizo ni wageni." Mwihaki alizisoma akiwa kwa kibanda, kwa simu ya mtu, na alicheka kabla hajatambua uso wa Jackie na ule upande wa kushoto nyuma. Alicheka sekunde kama tatu.

Rael alikuwa ameshaiona. Akavua miwani. "Upande wa kushoto nyuma Jumamosi, nani?"

Mercyline, ambaye Jumamosi alikuwa mazishini na kila mtu anajua, akasema, "Ni mimi, Mama."

"Wewe hukuwepo."

"Nilikuja jioni. Nilikuwa na mawazo ya mjomba."

Rael akafuta miwani kwa aproni. "Basi kuanzia kesho uko pakingi."

Pakingi ni kule mbele magari yanasimama. Wale wamama wanaokudaka ukishuka tu, "madam, nywele, kuja nikuonyeshe", wengi ni wasusi ambao hawajapata kiti, au wamekipoteza. Mercyline, miaka kumi na tatu ya kiti, akaanza kukunja aproni yake.

"Ni upande wangu," Mwihaki akasema. "Mkono hausikii."

Mercyline akaacha kukunja. Rael akarudisha miwani. "Tangu lini?"

"Februari."

Hakuna aliyetaja ile klipu ya kanisa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, vile wote waliangalia chini kwa wakati mmoja kama wamekubaliana.

"Nenda hospitali," Rael akasema. Hakusema kwa ubaya. "Kiti nitaweka mtu. Kwa sasa."

Hiyo "kwa sasa" wote waliisikia.

Njambi alisisitiza kuja. Akavaa kitambaa chake cha uasha, sijui kwa nini, labda alitaka kuingia akiwa na cheo. Picha mpya ilikuwa kwa skrini. Doa moja jipya halikuwa kwa kichwa kabisa, lilikuwa kwa uti wa mgongo, kwa shingo, refu kama punje ya mchele.

Navneet hakumkaripia. Akamwambia afunge macho, akamgusa vidole kimoja kimoja na pamba, aseme akisikia. Kulia alisema mara tano. Kushoto alisema mara mbili, na moja ya hizo alikuwa anabahatisha.

Halafu akaeleza dawa. Ile sindano ya dripu inayopunguza sehemu ya kinga ya mwili.

"Ngoja," Njambi akasema. "Mtoto ni mgonjwa, halafu wewe unataka kumpunguzia kinga?"

"Mama, kinga yake ndiyo inampiga."

"Kinga inapigaje mwenyewe?"

Navneet akavuta kiti karibu. "Damu ina askari wake, seli ndogo ndogo, zinazunguka mwili mzima zikitafuta wadudu. Sasa mishipa ya damu ya ubongo haifanani na ya mahali pengine. Ukuta wake umebana sana. Seli nyingi za kinga zinapita tu na damu, haziingii ndani. Kwa MS, kuna seli zilifundishwa vibaya. Zinafikiri ile ngozi inayofunika nyuzi za fahamu ni adui. Lakini hata hizo, zikibaki kwa damu haziwezi kuigusa. Lazima ziingie. Na swali ni zinaingiaje."

"Ukuta unatoboka," Njambi akasema.

"Hapana. Hiyo ndiyo watu wengi hufikiria. Ukuta wenyewe unatoa vitu kama ndoano, upande wa ndani, kule damu inapita. Seli inakuja na spidi, inagusa ndoano, inapunguza mwendo. Inabingirika. Inagusa nyingine, nyingine. Mwisho inasimama, inashikwa kabisa. Halafu inajibana pale ukuta umeungana, inapenya."

Mwihaki akainua kichwa. "Ni kama pakingi," akasema.

"Pakingi gani?"

"Kwetu. Kastoma anapita tu, hata hakuwa anataka nywele. Wa kwanza anamgusa mkono, anapunguza mwendo. Wa pili anamwonyesha picha kwa simu. Wa tatu anashika begi. Akisimama tu ameisha. Anapitishwa kwa kale kanjia kembamba katikati ya vibanda, hata ng'ombe nzima haipiti hapo lakini yeye atapita, na kushtuka yuko kwa kiti."

Navneet akamwangalia kama mwalimu aliyeibiwa mfano. "Na akiwa ndani?"

"Anapiga simu kwa marafiki waje."

"Hivyo hivyo. Wakiingia wanakuta mtu wa kuwaonyesha, 'ni hii hapa'. Wanaamka upya, wanaita wenzao, ndoano zinaongezeka. Wanakula ile ngozi, na ngozi ikiisha muda mrefu, uzi wenyewe unakufa. Joto likipanda, uzi uliovuliwa unashindwa kupeleka ujumbe. Ndiyo maana ule mvuke unakuzima."

Njambi alikuwa anakunja kile kitambaa, anakikunjua. "Kama zile nywele za zamani za kufungwa na uzi mweusi," akasema pole pole. "Uzi ukifumuka."

"Kama hizo, Mama."

"Na unaufunga tena."

Navneet akageukia skrini. "Mwili hujaribu. Jicho lake, uliufunga vizuri. Kuna dawa ya kuzifunika seli zisishike zile ndoano, ziteleze zipite, lakini huku kwetu kuipata ni kazi. Tutatumia hii nyingine. Inaondoa kundi moja la seli, wale wa kuonyesha wenzao njia."

"Nimekunywa unga wa kuongeza kinga," Mwihaki akasema. "Miezi minne. Ndio umeniharibu?"

"Unga sidhani ulifanya kitu. Si kizuri, si kibaya. Umekula muda tu. Na muda ndio tulikuwa nao. Ungeanza dawa ile mara ya kwanza, singekuahidi kitu. Ingepunguza nafasi ya hii. Pengine mkono ungekuwa unasuka, pengine pia ungekuwa umelala. Hakuna mtu anaweza kukuambia."

Hilo ndilo Mwihaki hakuwa amejitayarisha kwalo. Alikuja akitaka aambiwe ni makosa yake, au si makosa yake. Akapewa pengine.

Kwa ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa imetosheka tena, Njambi akasimama ghorofa ya pili, akashika reli.

"Mimi ndiye nilikusukuma mbele siku ile," akasema.

"Nilienda na miguu yangu, Mami."

"Na Aprili ulidondosha kikombe. Na Mei. Nilifagia nikanyamaza. Nikasema nikiuliza, itakuwa ni mimi nimekosa imani." Akafuta uso na kile kitambaa cha uasha. Halafu wakaendelea kushuka.

Wakampa kwanza dripu ya siku tatu ya kutuliza moto wa lile doa jipya. Kidole gumba kikaamka. Cha shahada nacho, nusu. Akarudi sokoni kujaribu, saa tano asubuhi, kibanda kitupu. Mercyline akakaa kwa kiti cha kastoma na kichwa chake mwenyewe.

"Suka," akasema. "Na usiniharibie, mimi niko na wanaume wa kutongoza."

Mwihaki akasuka rasta moja. Ilimchukua dakika tisa. Mercyline akaishika, akaivuta kidogo, na mkono wake ukakaa hapo hapo, juu ya kichwa, na ile rasta ndani yake, imetoka. Rael, aliyekuwa ameingia bila wao kumsikia, akaenda nyuma, akatoa kwa msumari aproni ya Mwihaki, akaikunja vizuri, akampa. Kiti kikawa cha dada mmoja anaitwa Munyiva, ambaye, tuseme haki, anasuka vizuri.

Ile dripu ya kuzuia ilianza Oktoba. Chumba kilikuwa na viti sita vya kulalia na dirisha linaloangalia paa la jengo jingine. Nesi alikuwa kijana mpole, Mwau, mwenye mazoea ya kuongea na mishipa kama watu.

Akafunga mpira kwa mkono wa kulia wa Mwihaki, akapiga piga. "Huyu hapa. Mzuri sana."

"Si huu," Mwihaki akasema, akauvuta.

"Siste, huu mwingine mishipa yake imejificha. Nitakuchoma choma."

"Choma."

"Huu ni wa nini sasa, unautunza kwa maonyesho?"

"Huu ndio nimebaki nao."

Mwau akafungua mpira, akazunguka upande wa pili. Mwihaki akauweka ule wa kulia mapajani, akaanza kuukagua: gumba kwa shahada, gumba kwa cha kati, gumba kwa cha pete, gumba kwa cha mwisho. Vyote vilikuwepo. Akaanza tena kutoka mwanzo. Navneet alikuwa amemwambia dawa ni ya kulinda kilichobaki, si ya kurudisha kilichoenda, na alikuwa amelisema mara mbili, akimwangalia machoni, ili safari hii asikie lote.

"Pole sana, siste," Mwau akasema baada ya muda, akiweka plasta. "Hiyo ni mara ya nne ndio nimepata. Na hata hujashtuka."

Mwihaki akageuka, akaangalia mkono wa kushoto. Kulikuwa na damu kidogo kwa kiwiko, na mrija umeshaingia, dawa inateremka.

"Kumbe ulikuwa umeanza," akasema.